Simu Ilale Sebuleni: Mwongozo wa Kupunguza Utegemezi wa Simu kwa Anayeanza

Hapa Dodoma, kila mazungumzo yanapofika kwenye muda unaopotelea kwenye simu, naulizwa maswali yaleyale manne. Je, nifute WhatsApp? Nitaachaje simu ilhali kazi yangu yote imo ndani yake? Mbona nikianza kujizuia, siku ya tatu narudi palepale? Na mtoto anayeangua kilio nikimnyang'anya simu, nimfanyeje? Nimeyajibu vibarazani, kazini, ndani ya basi la kwenda Mtumba na kwenye foleni ya hospitali, na nimeona heri niyaandike mahali pamoja, kwa mpangilio wa hatua, ili mtu anayetaka kuanza jioni ya leo aweze kuanza.

Nitangulize jambo moja ninaloliamini kwa dhati. Wengi wanaoshindwa hujiona dhaifu, lakini ukiwasikiliza vizuri unagundua kwamba wote walijaribu kupambana na simu ikiwa mkononi mwao. Simu iliyo kiganjani ina nguvu kuliko nia ya mtu aliyechoka saa 4 usiku, na hilo halina uhusiano na malezi yake wala imani yake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mahali simu inapokaa, saa ambazo data inawashwa, na kitu gani kinachukua nafasi yake. Kujikaza kutahitajika, ila kidogo.

Sitakuambia uitupe. Katika nchi hii simu ni pochi, ni posta, ni ofisi, na kwa wengi ndiyo njia pekee ya kumjulia hali mama aliyeko Kondoa au Mpwapwa. Lengo ni simu ibaki na kazi zake na ikuachie saa zako.

Kwa nini inakushika (kwa ufupi sana)

Programu nyingi za mitandao ya kijamii hazina mwisho wa ukurasa: unavyozidi kusogeza kidole, ndivyo mambo mapya yanavyozidi kuja. Tena hujui kitakachofuata kitakuwa cha kuchosha au cha kufurahisha. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alionyesha katika karne ya 20 kwamba mnyama anayepewa chakula kwa kubahatisha huendelea kubofya kitufe kwa muda mrefu kuliko yule aliyezoea kupewa kila anapobofya. Kidole chako kinafuata mkondo huohuo. Nadharia unayohitaji inaishia hapo; tuendelee na kazi.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Andaa vitu vifuatavyo kwanza, kwa sababu anayeanza bila saa ya kuamshia atairudisha simu chumbani usiku wa kwanza.

- Daftari dogo na kalamu. Usitumie simu kuandika kumbukumbu za simu.
- Saa ya mezani ya kuamshia, ile ya betri. Utaipata kwenye maduka ya vyombo na vifaa vidogo pale Majengo au dukani mtaani kwako. Ijaribu hapohapo kama inalia.
- Saa ya mkononi, hata ya bei ndogo. Watu wengi huitoa simu ili watazame saa, wakaja kuirudisha mfukoni baada ya dakika 20.
- Mahali pa kuchajia simu nje ya chumba cha kulala, ndani ya nyumba, mbali na dirisha ili mwizi asiifikie.
- Mtu mmoja utakayemweleza mpango wako: mwenzi wako, dada, rafiki wa kwaya, jirani. Mmoja anatosha.
- Kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, ukiweza. Si lazima, lakini mwenye kitochi chenye laini yake ya simu ana wepesi ambao wengine hawana, kama utakavyoona katika hatua ya 5.

Chagua pia wakati. Usianze juma ambalo wewe ni mhazini wa kamati ya harusi, wala mwisho wa mwezi ambapo kikoba chenu kinafunga hesabu kwenye kundi la WhatsApp. Tafuta wiki 4 ambazo hazina shughuli kubwa.

Hatua ya 1: Pima siku 7 bila kubadilisha chochote

Kwenye simu nyingi za Android, fungua mipangilio, utafute sehemu inayohesabu muda wa matumizi. Simu ikiwa imewekwa Kiswahili, huitwa Nidhamu Dijitali. Kwenye iPhone imo pia ndani ya mipangilio, na alama yake ni kichupa cha mchanga cha kupimia muda. Utaona umetumia dakika ngapi katika kila programu na umeichukua simu mara ngapi kwa siku. Baadhi ya simu za bei nafuu hazina sehemu hii. Mwenye simu hiyo na achore mstari mmoja daftarini kila anapoifungua.

Kila jioni andika jumla ya siku. Kisha, mara chache kwa siku unapojikuta umeishika simu bila sababu, andika mambo matatu: ilikuwa saa ngapi, ulifungua programu gani, na dakika moja kabla ya hapo ulikuwa ukifanya au ukihisi nini. Safu hii ya tatu ndiyo yenye thamani. Nimesoma daftari la mama mwenye genge ambaye aligundua kwamba hukimbilia video fupi kila hesabu za siku zisipolingana, na la kijana wa chuo ambaye saa zake zote nzito zilianza baada ya kumaliza chakula cha jioni chumbani peke yake. Mimi nilipopima mara ya kwanza nilikuta saa 4 kwa siku, na sehemu kubwa ilikuwa kitandani. Saa 4 kwa siku ni saa 1,460 kwa mwaka, yaani karibu siku 61 kamili, mchana na usiku. Fanya hesabu yako mwenyewe na uiandike kwenye jalada la daftari.

Tahadhari: watu wengi huanza kujibana siku ileile ya kupima kwa sababu wanaona aibu, wakaishia na takwimu isiyo ya kweli. Ishi kama kawaida kwa siku hizo 7. Unahitaji kuujua ukweli wako kabla ya kuurekebisha.

Hatua ya 2: Gawa programu katika mafungu matatu

Fungu la kwanza ni kazi na fedha: kupiga na kupokea simu, ujumbe mfupi, huduma za fedha, barua pepe za ofisini, ramani. Fungu la pili ni watu wako: mazungumzo na ndugu, marafiki, kundi la wazazi wa darasa la mtoto. Fungu la tatu ni kuzurura: video fupi, stetasi za watu usiowasalimia hata njiani, mabishano ya mpira, michezo ya simu. La kwanza liache lilivyo. La pili lipangie saa. La tatu ndilo utakalolibana. Programu moja inaweza kuangukia mafungu mawili, na WhatsApp ndiyo mfano mkubwa. Ndiyo maana jibu la swali la kwanza ni kwamba usiifute, uitenganishe, na hatua inayofuata itaonyesha namna.

Hatua ya 3: Zima arifa, panga upya skrini

Tenga nusu saa, ukae, ufanye haya yote kwa mkupuo mmoja.

Ingia sehemu ya arifa ndani ya mipangilio na uzime kila programu isipokuwa simu zinazopigwa, ujumbe mfupi na huduma za fedha. Ndani ya WhatsApp, nyamazisha makundi yote ukichagua "daima", kisha yahamishie kwenye hifadhi ya mazungumzo ili yasionekane unapofungua. Acha makundi 2 au 3 tu ambayo kweli yanakuhitaji. Zima pia picha na video kujipakua zenyewe. Hapo utaokoa bando na utaepuka kuvutwa na video usiyoiomba. Ondoa programu za fungu la tatu kwenye skrini kuu ili uzitafute kwa kuandika jina kila unapozitaka, na kama ipo moja inayokumeza kuliko zote, ifute kwa wiki 4 hizi. Akaunti yako haifutiki kwa kufuta programu, kwa hiyo usihofu.

Baadhi ya watu hubadilisha skrini iwe ya kijivu isiyo na rangi, nao husema inasaidia. Jaribu. Usipoona tofauti, iache.

Tahadhari: usitangaze kwenye stetasi kwamba unapumzika mitandao. Ukishatangaza utaanza kurudi kuangalia nani ameona na amejibu nini.

Hatua ya 4: Simu ilale sebuleni

Hatua hii ina uzito kuliko nyingine zote. Kama utafanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Saa 3 usiku, chomeka simu kwenye chaji sebuleni au koridoni, weka saa ya mezani kando ya kitanda, na usiiguse simu mpaka uwe umeamka, umenawa uso, umesali au umekunywa chai. Anayeamka saa 11 alfajiri ili awahi basi la Mtumba na afike kazini kabla ya saa 1:30 asubuhi hana dakika za kupoteza kitandani, lakini ndizo anazozipoteza kwanza, kwa kuwa kengele imo ndani ya simu na simu imo chini ya mto. Anainyamazisha kengele, anaona ujumbe 46 wa kundi, na jua linachomoza akiwa bado hajaoga.

Kila ninapoieleza hatua hii napokea pingamizi tatu.

"Nikipigiwa usiku kwa dharura?" Ongeza sauti ya mlio na uiache simu koridoni; utaisikia. Tena simu nyingi zina hali inayoitwa Usinisumbue, ambayo huruhusu watu uliowachagua wapite, na pia humruhusu mtu yeyote akipiga tena mara ya pili ndani ya muda mfupi. Wachague wazazi, watoto na mlinzi wa duka lako.

"Nasoma Biblia au Kurani kwenye simu." Nunua nakala ya karatasi. Ninalisema hili kwa upendo, kwa sababu nimewaona watu wacha Mungu wakifungua simu kwa ajili ya aya moja na kujikuta dakika 40 baadaye kwenye video za mapishi.

"Ninaishi chumba kimoja." Wapangaji wengi wa Chang'ombe, Kikuyu au karibu na chuo wana chumba kimoja tu, na hawana sebule. Weka simu kwenye kona iliyo mbali kabisa na kitanda, ndani ya sufuria yenye mfuniko au ndani ya begi lililofungwa, mahali ambapo lazima usimame na utembee ili uifikie. Ichomolewe kwenye chaji kabla ya kuiweka humo ili isipate joto. Hatua 4 za kutembea gizani zinatosha kumpa mtu nafasi ya kujiuliza anataka nini.

Hapa nizungumze na wanafunzi. Bando la usiku ni rahisi, na najua kwamba kwa mwenye fedha ya kuhesabu linaonekana kama neema. Lakini linatumika saa ambazo mwili unatakiwa kulala, na kipindi cha saa 2 asubuhi hakitakusubiri. Kama una kazi ya kupakua, pakua ukiwa kwenye intaneti ya chuo mchana, uisome bila data.

Tahadhari: usiku wa 1 hadi wa 3 utalala kwa shida, utajiona umesahau kitu, na mkono utapapasa chini ya mto. Hiyo ni kawaida. Usihitimishe kwamba njia haikufai kabla ya usiku wa 7.

Hatua ya 5: Panga saa za data

Watu wengi hawajawahi kujaribu kuzima data tu na kuiacha simu ikiwa hewani. Ukizima data, bado unapigiwa na unapiga, ujumbe mfupi unaingia, na huduma za fedha kwa njia ya nyota na reli zinafunguka kama kawaida. Fedha inaingia, unalipa, unatoa kwa wakala. Kinachosimama ni fungu la pili na la tatu, pamoja na barua pepe na ramani. Hili ndilo jibu la swali la pili, la mtu ambaye kazi yake imo ndani ya simu: kwa wengi wetu, kazi ya simu ni kupigiwa na kulipwa, na vyote viwili havihitaji data.

Kwa hiyo weka madirisha 3 kwa siku ambayo data inawashwa, na uyaandike daftarini. Kwa mtumishi wa ofisi nimeona mpangilio huu ukifaa: dakika 20 wakati wa chakula cha mchana, dakika 20 baada ya kutoka kazini saa 9:30 alasiri, na dakika 40 jioni kati ya saa 1:30 na 2:30 usiku. Ujumbe wote wa ndugu na makundi ujibiwe humo. Mtu wako wa karibu akihitaji jibu la haraka, mwambie wazi: "Nipigie." Utashangaa jinsi mambo mengi yaliyoonekana ya dharura yanavyokosa wa kuyapigia simu.

Kwa dereva wa bodaboda au bajaji, madirisha yawe pale anapokuwa ameegesha kijiweni, na si akiwa barabarani hata kidogo. Mteja anayetaka usafiri atapiga. Kusoma ujumbe huku unaendesha kunaua, na hapo sina lugha ya kulainisha.

Kwa anayeuza bidhaa mtandaoni hali ni ngumu zaidi, kwa sababu duka na kijiwe viko chumba kimoja. Ushauri wangu kwake ni kitochi: laini ya biashara na ya familia ikae kwenye kitochi, na simu janja ibaki mahali pa kazi, ifunguliwe saa za duka na ifungwe duka linapofungwa. Weka ujumbe unaojijibu wenyewe kwenye WhatsApp ya biashara, ueleze saa zako. Wateja huzoea saa za duka la mtandaoni kama walivyozoea saa za duka la mtaani.

Mbinu moja ndogo ya fedha: nunua bando dogo la siku badala ya kubwa la wiki katika mwezi huu wa kwanza, hata kama kubwa ni nafuu kwa hesabu ya kila MB. Bando likibaki tele, mtu hutafuta namna ya kulimaliza kabla halijaisha muda.

Hatua ya 6: Jaza pengo kabla halijafunguka

Hapa ndipo siku ya tatu inapowashinda watu, na ndilo jibu la swali la tatu. Ukiondoa saa 2 za simu jioni bila kuweka kitu mahali pake, saa hizo zitakuuma mpaka uirudishe simu. Andika leo, kabla ya kuanza, mambo 3 utakayoyafanya katika saa ile ambayo daftari lako limeonyesha ni nzito.

Usiandike "kusoma vitabu" kama hujawahi kusoma kitabu kwa hiari. Andika kitu ambacho mikono au miguu yako tayari inakijua. Mji huu una jioni nzuri, hasa Juni na Julai upepo unapokuwa baridi: tembea kutoka nyumbani mpaka Nyerere Square na kurudi, au upande kilima kilicho karibu na mtaa wako kabla jua halijazama. Kucheza drafti kwa vizibo vya soda chini ya mti, au bao, kunampa mtu ushindani na kelele zilezile anazozitafuta kwenye simu, pamoja na watu wa kuwatazama usoni. Mazoezi ya kwaya yana ratiba, na ratiba ni ngao. Wenye shamba la zabibu wana kazi ya kupogolea na kufunga matawi. Wenye kashamba ka alizeti au karanga, msimu wa mvua kuanzia Desemba utawapa palizi ya kutosha. Asiye na shamba anaweza kupanda mchicha na sukuma wiki kwenye ndoo zilizotobolewa, akautumia muda wa jioni kumwagilia, jambo ambalo kwa ukavu wa Dodoma halikubali kuahirishwa. Anayependa kusoma anayo maktaba ya mkoa.

Jambo ninalolipenda kuliko yote ni kumtembelea mtu. Katika miezi ambayo simu ilikuwa imenitawala, nilikuwa najua wamekula nini watu wa mbali nisiowafahamu, na sikujua kwamba jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa amelazwa. Niliguswa sana nilipoambiwa, na ndipo nilipoanza kazi hii kwa dhati. Weka jina la mtu mmoja kwa wiki, umpigie hodi.

Tahadhari: usiijaze nafasi ya simu kwa televisheni. Macho na akili vinabaki palepale.

Hatua ya 7: Kubalianeni nyumbani

Itisha kikao kifupi cha familia, wazazi wakiwa wa kwanza kujifunga. Kanuni 3 zinatosha: hakuna simu wakati wa kula, hakuna simu chumbani usiku, na mtu akiingia na kusema "Hodi", simu inawekwa chini kwanza. Inauma kumwona mtoto akimwambia babu yake "Shikamoo" huku macho yake yakiwa kwenye skrini, na inauma zaidi ukitambua kwamba amejifunza kwetu.

Kuhusu watoto wadogo, Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mwaka 2019: mtoto aliye chini ya mwaka 1, na hata wa mwaka 1, haipendekezwi kumkalisha mbele ya skrini; wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora. Kwa hiyo kumwekea mtoto katuni ili amalize uji ni mazoea ya kuachwa, taratibu.

Mtoto anayelia ukimnyang'anya simu analia kwa haki yake, maana amekatizwa ghafla. Usimnyang'anye. Mwambie kabla ya kumpa: "Katuni 2, halafu unamletea mama simu." Mpe taarifa moja katuni ya pili inapoanza. Zikiisha, muda umeisha, na kuwe na kitu kinachomsubiri mara moja: maji ya kuchezea wakati wa kuoga, mpira, kumenya karanga pamoja nawe. Atalia siku 4 au 5. Ukimrudishia siku ya 3 kwa sababu kuna wageni, umemfundisha kwamba kulia kwa sauti kubwa zaidi ndiyo bei ya simu.

Wanafunzi wa bweni wanaorudi likizo za Juni na Desemba wanahitaji maelewano ya aina nyingine. Wamekaa miezi bila simu na wana kiu. Wape siku 2 za mwanzo waongee na wenzao, kisha mkae mpange saa pamoja, wao wakipendekeza kwanza.

Hatua ya 8: Kagua kila Jumapili jioni

Kaa na yule mtu wako mmoja kwa dakika 15. Msomee jumla ya wiki, mwambie ulipoteleza, chagua kitu kimoja tu cha kurekebisha wiki inayofuata. Anayetoka saa 5 kwa siku akafika saa 3 katika mwezi wa kwanza amefanya kazi kubwa. Usijilinganishe na mwingine ambaye kazi yake na familia yake si zako.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

Bosi anatuma ujumbe kwenye kundi saa 4 usiku. Zungumza naye mchana, kwa adabu, umwambie kwamba baada ya saa 3 usiku unapatikana kwa kupigiwa. Wakuu wengi hukubali, kwa sababu wengi wao hutuma usiku ili wasisahau na hawategemei jibu muda uleule.

Marafiki wanasema unajitenga au unaringa. Wapigie simu 2 kwa wiki na uende kijiweni. Lawama hizo huisha mtu akisikia sauti yako.

Mkono unaingia mfukoni wenyewe. Hamishia simu kwenye begi, na mfukoni uweke daftari. Mkono utakutana na karatasi.

Umeteleza, umekesha tena. Andika kilichotangulia, lala mapema kesho yake, endelea na hatua ya 4. Usianze upya kuhesabu kutoka siku ya 1. Siku zilizopita hazijafutika.

Unatazama skrini kidogo, lakini muda wote huo unabeti, au unakopa kwenye programu za mikopo ili ubeti. Hilo ni tatizo la fedha na la kubahatisha, na hatua hizi peke yake hazitalimaliza. Mwambie mtu wa familia leo, mpe asimamie laini yako ya fedha, na utafute mshauri.

Umefuata hatua zote kwa miezi 2 na bado huwezi kusimama: unakosa kazi au masomo, hulali, huli vizuri, unakasirika mpaka kugombana ukiondolewa mchezo, au huoni raha katika jambo lolote. Nenda hospitali, umweleze daktari bila kuficha. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo ya kielektroniki kuwa ugonjwa katika orodha yake ya 11 ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, hivyo hutakuwa unasumbua mtu kwa jambo dogo. Tena mara nyingi nyuma ya simu kuna huzuni au hofu inayotibika. Sisi wa Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, na najua wapo wanaoogopa kuonekana langoni pale. Waliokwenda na kurudi wakiwa wanalala usiku hawajutii lango walilopitia.

Umenunua simu mpya na kila kitu kimerudi kama zamani. Mara nyingi mipangilio ya arifa haihami pamoja na namba zako. Rudia hatua ya 3 siku hiyohiyo, kabla hujaingiza programu yoyote ya fungu la tatu, na usiku wake hiyo simu mpya nayo ianze kulala sebuleni.